Maswali ya Wasomaji: Ndoo ya Maganda, Sufuria ya Githeri na Maji ya Kusuuza

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo lilelile kwa sauti tofauti: familia ya Nairobi inayoishi nyumba ya kupanga, yenye watoto na bajeti ya kubana, ianzie wapi ikitaka kuchafua mazingira kidogo na kupoteza kidogo? Tumechagua barua saba. Karibu kila jibu linaanza na mizani, saa au ndoo, kwa sababu bila kupima mtu huhangaikia mrija wa karatasi wa kunywea soda huku kilo kadhaa za maganda ya viazi zikienda jaani kila wiki.

SWALI: Tunakaa ghorofa ya tatu. Nilianza kutengeneza mboji kwenye ndoo barazani: maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki, maganda ya ndizi. Wiki ya pili ikanuka, ya tatu ikatoa funza, na jirani wa chini analalamika kuhusu maji meusi yanayomdondokea kwenye nguo. Mume wangu ameitupa. Nilikosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Umoja

JIBU: Dada, ndoo yako ilikosa hewa na ilikosa vitu vikavu. Maganda na mabua mabichi yana maji mengi. Yakirundikana hushikana kama uji, hewa ikakosa njia, na hapo vijidudu vinavyoishi bila hewa ndivyo vinavyoshika kazi. Pua yako ni kipimo kizuri kuliko chombo chochote cha kununua. Harufu ya yai viza maana yake maji yamezidi na hewa haba. Harufu ya kuchoma pua, kama mkojo uliolala, maana yake mabichi yamezidi makavu. Zote mbili hutibiwa kwa kuongeza vitu vikavu na kugeuza mpaka chini.

Anza upya hivi. Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Zilizokuwa na mafuta ya kupikia ni bora kuliko za rangi. Pasha moto msumari wa inchi nne, uushike kwa koleo, utoboe matundu 10 kwenye kitako, safu tatu za matundu ubavuni yakiachana kwa upana wa kiganja, na mengine 6 kwenye mfuniko. Fanyia kazi hiyo nje, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta. Isimamishe ndoo juu ya vipande viwili vya tofali ndani ya karai. Hilo karai ndilo lililokosekana kwako, na jirani ana haki ya kulalamika. Maji meusi yatakayoingia humo yamwage chooni. Wapo wanaoyasifu kuwa ni mbolea ya maji, lakini yakitoka kwenye ndoo inayonuka huwa na asidi, na mche ukimwagiwa unaweza kuungua.

Chini kabisa tandaza vijiti au katoni iliyochanwa, unene wa vidole vinne. Kisha shika kanuni moja: kila bakuli la maganda, bakuli mbili za vitu vikavu. Majani makavu yanafaa, gazeti linafaa, lakini hakuna kinachoshinda trei za mayai za karatasi zilizochanwa vipande, kwa sababu hazilali bapa na kuziba hewa kama gazeti lifanyavyo. Maranda ya seremala nayo ni mazuri, ila muulize kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa, na usichukue vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi. Maganda yakate yawe na urefu wa kidole gumba. Bua zima la sukuma wiki hukaa miezi likikutazama. Nyunyiza kiganja kimoja cha udongo wa shambani kila wiki, kwani ndiko waliko vijidudu unaowahitaji. Kila ukiweka maganda, yafunike kwa vitu vikavu unene wa vidole vitatu. Hapo ndipo watu wengi hushindwa: ganda la ndizi likiachwa wazi juu, vijinzi vya matunda hufika siku hiyohiyo.

Geuza kwa kijiti kila siku ya tatu. Chukua konzi moja uifinye: ikitoa tone moja au mawili, unyevu ni sawa; ikichuruzika, ongeza trei za mayai; ikivunjika kama mkate mkavu, nyunyiza maji kikombe kimoja.

Kuhusu funza, inategemea uliwaona wakoje. Wakiwa wapana, wa rangi ya kijivu au kahawia na wenye ngozi ngumu, hao ni watoto wa nzi askari mweusi. Wanakula taka kwa kasi, na hapa Nairobi wapo wanaowafuga kwa ajili ya chakula cha kuku. Wakiwa weupe na laini, ni wa nzi wa kawaida, na kuna uwezekano mkubwa kipande cha nyama, samaki au ugali wa mchuzi kilipenya. Nyama, mifupa, maziwa, mafuta na ugali visiingie kabisa. Ugali huvuta panya. Majani chai ya kuchemsha na maganda ya mayai yaliyopondwa, karibu. Maganda ya machungwa na ndimu, machache tu. Jivu la makaa, kijiko kwa wiki kinatosha.

Ndoo ya kwanza ikijaa, iache iive na uanze ya pili. Rundo la shambani lenye upana na kimo cha mita moja hupata joto lake lenyewe na kuiva upesi. Ndoo haipati joto hilo, hivyo hesabu miezi mitatu hadi minne, na zaidi kidogo ikiangukia baridi ya Juni na Julai. Kabla ya kuitumia, panda mbegu 10 za mchicha kwenye kikopo cha mboji hiyo. Zisipoota angalau nane, bado ni changa. Ikiiva, changanya sehemu moja ya mboji na tatu za udongo.

Mume wako akiuliza faida, mwombe mama mboga mizani. Wekeni maganda kwenye mfuko wake wiki nzima, na taka nyingine kwenye mfuko mwingine, kisha pimeni. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani jijini huwa ni mabaki ya jikoni. Yakifukiwa kwenye jaa kama la Dandora yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

SWALI: Nyumbani githeri ni mara mbili kwa wiki na maharagwe mara moja, kwa jiko la makaa. Nikitumia mtungi wa gesi wa kilo 6 unaisha haraka sana. Kati ya makaa, gesi na umeme, kipi kina madhara madogo kwa mtu wa kipato changu?
Baba, Githurai

JIBU: Ndugu, kabla ya kubadilisha jiko, badilisha mapishi, huko ndiko kuni na pesa zinakopotelea.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukiongeza moto baada ya hapo hayawi moto zaidi, yanageuka mvuke tu na kutoka dirishani. Ndiyo maana githeri ya Nairobi huchelewa kuliko ya Mombasa, na ndiyo maana mtu anayeacha gesi ikinguruma chini ya sufuria inayochemka anachoma hela. Yakishachemka, shusha moto mpaka uone povu dogo pembeni, ufunike.

Kulowesha ni lazima. Maharagwe na mahindi makavu yalale ndani ya maji saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya kimo chake. Asubuhi yamwage maji hayo. Magadi husaidia kulainisha, lakini robo kijiko cha chai kwa kilo inatosha. Yakizidi githeri huwa na ladha ya sabuni na vitamini za kundi B hupotea. Nyanya na ndimu ziingie mwisho, maharagwe yakishalainika, kwa maana asidi hufanya ganda la nje kukaza. Na kama umelowesha, umechemsha saa tatu na bado yanagonga meno, kosa halitakuwa lako: maharagwe yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu kwa mwaka na zaidi hayaivi vizuri hata ukiyabembeleza. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, au nunua nusu kilo ya majaribio kwanza.

Sasa kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au katoni ngumu, ukitandike ndani sponji za godoro kuukuu au blanketi, unene wa sentimita 10 chini na pande zote, uache shimo linaloikaa sufuria kwa kubana. Tengeneza na mto wa kufunika juu, mnene vilevile. Githeri iliyoloweshwa ichemke kwa nguvu dakika 45 hadi saa moja. Maharagwe matupu dakika 30. Usipunguze hapo, hasa maharagwe mekundu, kwa kuwa yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali na haivunjwi na uvuguvugu. Zima moto, usifunue mfuniko, panguza masizi, tumbukiza sufuria kikapuni mara moja na ufunike. Acha saa tatu hadi nne. Kisha irudishe motoni ichemke tena kabla ya kukaanga na kula.

Kikapu kikishindwa, sababu huwa ni hizi. Sufuria haikujaa: isipofika angalau theluthi mbili, joto lililomo ni dogo na hupoa upesi. Mtu alifunua kuchungulia. Blanketi lina unyevu wa mvuke wa jana. Lianikwe kila baada ya matumizi. Au chakula kiliachwa humo kutwa nzima, kikapoa hadi uvuguvugu na kuanza kuchacha. Saa nne, basi. Wali nao hukubali: uchemke dakika tano, ukae kikapuni saa moja.

Baada ya hapo ndipo tuongee kuhusu jiko. Makaa ndiyo mabaya kuliko yote matatu. Tanuri la kawaida la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa, na moshi wenyewe una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Ukilazimika kutumia makaa, tumia jiko lenye kikombe cha udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo hupunguza makaa kwa thuluthi na zaidi kuliko jiko la bati tupu. Likianza kuchemsha, funga mlango wa jivu nusu. Ukimaliza, makaa yaliyobaki yahamishie kwenye mkebe wa bati wenye mfuniko wa kubana, nje ya nyumba, yazimike kwa kukosa hewa uyatumie kesho. Usiyamwagie maji jikoni; kikombe cha udongo hupasuka, na jiko lililopasuka linarudi kuwa bati.

Gesi ni bora zaidi. Kujua inakokwenda, soma uzito wa mtungi mtupu uliopigwa muhuri kwenye chuma cha juu, kisha pima mtungi kila Jumapili. Tofauti ndiyo gesi iliyobaki. Moto ukiwa wa manjano na sufuria zinashika masizi, kichomeo kimeziba: kiondoe, sugua matundu kwa brashi ya waya, kausha kabla ya kurudisha.

Umeme wengi wanauogopa kwa sababu ya tokeni, lakini sufuria ya presha ya umeme ndiyo tungekupendekezea ukipata nafasi ya kuweka akiba. Ndani yake maji hupita nyuzi 110, na githeri iliyoloweshwa huiva kwa dakika 45 hadi saa moja. Huvuta wati 1,000 hivi wakati wa kupasha tu, kisha hujizima na kuwaka kidogo kidogo. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Angalizo moja: nafaka na maji visipite nusu ya chombo, maana maganda ya maharagwe hupanda na povu na kuziba kitundu cha mvuke. Raba ya mfuniko ikikauka na kuwa ngumu, mvuke huvuja na chakula hakiivi. Badilisha raba, usiitupe sufuria.

SWALI: Maji yetu huja siku mbili kwa wiki. Tuna pipa la lita 210. Je, maji ya kufulia yanaweza kutumika chooni, na kumwagilia sukuma wiki kwenye gunia?
Msomaji, Zimmerman

JIBU: Chooni, ndiyo. Sukuma wiki, inategemea ni maji yapi.

Panga mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza kwanza, la kusuuza mwisho. Maji ya kusuuza mwisho huwa karibu masafi, yawe ndiyo ya sabuni kwa mzigo unaofuata. Anza na nguo nyeupe, maliza na soksi na matambara. Maji ya beseni la kwanza ndiyo ya choo. Mwaga lita 6 hadi 8 kwa mkupuo mmoja kutoka kimo cha kiuno, moja kwa moja bakulini. Kinachosukuma uchafu ni kasi, na ukimwaga kidogo kidogo utamaliza lita 15 na uchafu upo palepale. Usiyatie kwenye tangi la juu la choo, nyuzi za nguo na sabuni huharibu raba ya vali. Na yasilale: yakipita siku moja ndani ya ndoo yanaoza na kunuka kuliko choo chenyewe.

Kwenye gunia, mwagilia maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda. Sabuni ya unga ina chumvi za sodiamu zinazogandisha udongo mpaka maji yanaelea juu. Maji yaliyooshea nepi au nyama yasikaribie mboga. Mwagilia kwenye nguzo ya kokoto katikati ya gunia, wala si juu ya majani. Kama gunia lako halina nguzo hiyo ndiyo maana mabua ya chini hukauka: maji yanaishia juu. Ukilijaza upya, simamisha mkebe usio na kitako katikati, utie kokoto ndani, ujaze pembeni yake udongo sehemu mbili na samadi iliyokauka sehemu moja, kisha uvute mkebe juu na kurudia mpaka gunia lijae.

Kabla ya kuongeza pipa la pili, tafuta uvujaji. Weka kikombe cha kupimia chini ya bomba linalodondoka kwa saa moja na uzidishe kwa 24. Hata robo lita kwa saa ni lita 6 kwa siku. Kwenye tangi la choo tia rangi ya chakula, ukae dakika 20 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini imechoka, na hiyo ni kazi ndogo kwa fundi wa mabomba. Tangi likiwa la zamani, la lita 9 au zaidi, zamisha ndani yake chupa ya lita 1.5 iliyojaa maji na kokoto chache, mbali na mikono ya vali, na kila mvuto utakuokolea lita moja na nusu. Tofali usitie, humomonyoka na chembe zake huingia kwenye vali. Na tangi likiwa dogo la lita 6, liache lilivyo. Mtavuta mara mbili na kupoteza zaidi.

SWALI: Shawa ya moto na ndoo, kipi hula umeme zaidi?
Kijana wa Kasarani

JIBU: Shawa. Ile ya wati 5,000 ikiwaka dakika 12 imekula uniti moja kamili. Kupasha ndoo ya lita 15 iwe vuguvugu la kuogea huchukua chini ya nusu uniti. Watu watano wakioga dakika 12 kila siku, ni uniti 150 kwa mwezi kwa kuoga tu, na bei ya umeme wa nyumbani hupanda kwa makundi: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa kwanza. Mkishindwa kuacha shawa, zimeni wakati wa kujipaka sabuni.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minne. Nilijaribu nepi za kitambaa, zinavuja na zina harufu hata baada ya kufuliwa. Mama mkwe anasema natumia sabuni vibaya. Nirudie za kutupa?
Mama Mtoto, Kahawa West

JIBU: Mama mkwe yuko karibu na ukweli, lakini mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Jeli ya kumpaka mtoto matakoni huingia kwenye nyuzi na kuzifanya zikatae maji, ndipo mkojo unapita pembeni. Mshukiwa wa pili ni dawa ya kulainisha nguo. Nayo hupaka nyuzi utando. Wa tatu ndiye sabuni iliyozidi na kusuuzwa nusunusu. Mabaki yake hushika mkojo na kunuka pindi yanapolowa.

Jaribio ni rahisi. Dondosha matone ya maji kwenye nepi iliyokauka. Yakisimama kama shanga, nepi ina mafuta. Ifue mara moja kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa beseni, kwa maji moto, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa. Kuanzia hapo, ukimpaka jeli weka kipande cha flana juu ya nepi.

Utaratibu wa kila siku: kinyesi kiangushe chooni, nepi isuuze kwa maji baridi (maji moto hukaza madoa), uihifadhi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, wala usiiloweshe siku mbili. Fua kila siku ya pili. Kupata maji ya nyuzi 60 bila mashine, changanya sufuria mbili za maji yaliyochemka na moja ya baridi. Hukaribia 69, na yakishapoa kidogo kwenye beseni ndipo unapopataka. Tumia kijiti, usitie mkono. Anika juani. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe iwe ya nadra, na isiguse lastiki.

Mtoto anayetumia nepi 6 kwa siku hutumia 2,190 kwa mwaka, na za kutupa hazina mnunuzi wala fungu la kuchakatwa. Zote huishia jaani. Hata hivyo, kama maji kwako ni ya mgao, usijiumize. Vitambaa 20 mchana na ya kutupa moja usiku huondoa sehemu kubwa ya mzigo, na Julai, wakati kamba haikaushi kitu kwa siku mbili, hakuna dhambi kutumia za kutupa wiki nzima.

SWALI: Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, sasa kila duka linauza ile ya rangi inayofanana na kitambaa. Ndiyo bora?
Msomaji, Rongai

JIBU: Ile nayo ni plastiki, polipropilini iliyobanwa ionekane kama kitambaa, na ikianza kuchakaa hutoa nyuzi ndogondogo. Kama unayo kumi nyumbani, itumie hadi ichanike. Usinunue ya kumi na moja. Kiondo cha mkonge kinabeba kilo za viazi na hakichaniki njiani.

SWALI: Tumefundisha watoto kutenga taka kwa ndoo tatu. Gari linakuja Alhamisi, kijana anamwaga zote kwenye lundo moja. Watoto wananiuliza kwa nini tunajisumbua, nami sina jibu.
Baba wa Buruburu

JIBU: Malalamiko yako ni ya haki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mwenye nyumba kutenga zinazooza na zisizooza, na anayezoa hatakiwi kuzichanganya tena. Kamati ya wakazi inaweza kudai jambo hilo liandikwe kwenye mkataba na mzoaji: siku moja ya zinazooza, siku nyingine ya kavu. Siku tofauti hufanya kazi kuliko ndoo za rangi tofauti, kwa sababu gari ni lilelile na lina sanduku moja.

Lakini hata kabla ya mkataba, ndoo zenu hazikuwa bure, mradi ile ya maganda haiingii garini. Kinachoharibu taka kavu ni majimaji. Katoni iliyolowa mchuzi haina mnunuzi; katoni kavu inaye. Mkibaki na maganda nyumbani kama tulivyoeleza hapo juu, kilichobaki kikimwagwa pamoja bado kinachambulika.

Vyenye thamani visipande gari kabisa. Geuza chombo usome namba ndani ya pembetatu: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni mitungi ya sabuni na galoni za mafuta, 5 ni vikopo vya majarini na mifuniko mingi. Hizo, pamoja na vyuma, makopo na katoni, hununuliwa kwa kilo na wenye vibanda vya skrepa mtaani. Zisuuze kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo, zikauke, chupa zibonyezwe. Kusanyeni gunia zima kwanza. Mnunuzi hatoki kwa chupa tano. Watoto wapime wenyewe na pesa iwe yao, ndipo swali la kujisumbua litakapokwisha. Pakiti za krispi na biskuti zenye ngozi ya fedha ndani hazinunuliwi, kwa kuwa ni tabaka za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja; dawa yake ni kununua njugu za kupimwa kwa kikombe.

Betri, simu zilizokufa na balbu ndefu zenye zebaki ziwekwe kando kwenye boksi kavu hadi mpate mahali pa kuzipeleka, na msichome kitu chochote cha plastiki uani.

Na kuna jambo moja ambalo barua yako haikuuliza. Kuanzia kwenye gari mpaka jaani, taka zenu zinachambuliwa kwa mikono, mara nyingi bila glavu. Wembe, sindano na vigae vya glasi viingie kwenye mkebe wa bati uliotobolewa mfuniko kama kibubu. Ukijaa, pondeni mdomo kwa nyundo uzibe, na mwandike juu yake kwa kalamu nzito: WEMBE.